Unaita haiitikii, au imekuamsha saa siyo yake? Tutafute tatizo liko wapi

Wakuu, naandika hii kwa sababu hapa Mwanga, Kigoma, kila mara kuna mtu ananiletea simu au kaspika kadogo ka kuongea nako, zile za Google au Amazon unaziamrisha kwa sauti, alikotumiwa na ndugu yake wa nje, ananiambia hiki kitu kibovu, na mara nyingi sana sio kibovu. Mimi nilianza kuhangaika na hivi vitu kwa ajili ya bibi yangu yuko Ujiji, macho yake hayasomi tena maandishi ya simu na ana dawa za presha za kila siku, nikaona kitu cha kuongea nacho kitamsaidia kuliko kitu cha kubonyeza. Kimemsaidia kweli. Ila kufika hapo tumepitia mengi, na kuna moja lilinitisha, nitalieleza huko chini kwenye mambo ya saa.

Kabla hujagusa setingi yoyote jiulize kwanza imekwamia wapi. Sauti yako ina safari yake. Maiki ikusikie, alafu sauti isafiri kwa intaneti mpaka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, maana kazi kubwa ya kuelewa haifanyikii ndani ya kale kaspika, huko ieleweke kwa lugha iliyowekwa, alafu amri irudi mpaka kwenye kitu chenyewe iwe alamu, taa au mziki. Watu wengi wanakosea hapa, net imekata wao wanapiga kelele, au lugha ndio imegoma wao wanazima ruta. Ukijua imekatikia hatua gani umemaliza nusu ya kazi.

Unaita, kimya, hata taa haiwaki

Hapa shida ni kusikia, intaneti bado haijahusika. Kwenye spika angalia kwanza kama maiki imezimwa. Nest Mini ya Google ina kiswichi pembeni karibu na waya, kikisogezwa taa zinakuwa za rangi ya chungwa, na Echo za Amazon zina kitufe juu kikibonyezwa taa inakuwa nyekundu. Kwa bibi ilikuwa hivyo siku nzima, mtu alifuta vumbi akakisogeza bila kujua, na mimi nikapanda bajaji kutoka Mwanga mpaka Ujiji kwenda kusogeza kaswichi.

Kwenye simu sababu ni nyingi zaidi. Ya kwanza ni kuokoa betri. Simu zetu nyingi za bei ya kati zinaua programu zinazokaa nyuma ili chaji idumu, na ile ya kusikiliza "Hey Google" inauawa nayo, kwa hiyo asubuhi inaitika, mchana chaji ikishuka haiitiki tena, mtu anasema ina jini. Nenda Mipangilio, Betri, tafuta programu ya Google uiruhusu ifanye kazi bila vizuizi, na ukiwa hapo angalia Ruhusa uhakikishe Maikrofoni imeruhusiwa. Ya pili, simu ikizimwa na kuwashwa lazima uifungue na namba yako ya siri mara ya kwanza ndio ianze kusikiliza vizuri. Ya tatu ni kava. Kuna makava yanaziba kale katundu ka maiki pale chini, na kama unafanya kazi ya unga au mawese sokoni angalia kama hakajaziba uchafu, tumia brashi laini ya meno iliyo kavu, usichokonoe na sindano utatoboa maiki yenyewe.

Ya nne nilikosea mimi mwenyewe. Simu ya bibi niliiseti mimi, ile sehemu inakwambia rudia "Ok Google" mara kadhaa nikarudia mimi kwa sauti yangu. Simu ikajifunza sauti yangu, bibi anaita mpaka anachoka. Inatakiwa mwenye simu ndio arudie, kwa sauti anayoongea kila siku, akiwa amekaa pale anapokaaga. Tulifuta tukamrekodi yeye, ikaanza kumuitika. Spika za nyumbani zenyewe zinamuitikia yeyote anayeita, hii ni habari ya simu.

Alafu kuna mvua. Kuanzia Oktoba mvua za Kigoma zikigonga bati hata binadamu aliyekaa kiti cha pili hakusikii, sasa ile maiki itasikia nini. Usiiweke katikati ya sebule kwenye kabati la tivii, isogeze karibu na anayeitumia, iwe mbali na feni na mbali na ukuta kidogo. Na usipige kelele. Ukipaza sauti maneno yanaharibika, ongea kawaida tu ila karibu.

Inaitika bila kuitwa

Hii fupi. Kama una Alexa, ile inayoitika kwenye Echo za Amazon, na nyumbani kuna mtoto anaitwa Alex, na huku kwetu wako wengi, basi kila akiitwa kuoga na spika inaamka. Ingia kwenye apu ubadili jina la kuitia, kuna "Echo" na "Computer" na mengine, chagua ambalo halifanani na jina la mtu wa nyumbani. Ya Google haibadilishwi kirahisi hivyo, ila kwenye apu ya Google Home kuna sehemu ya kupunguza uwezo wake wa kushtuka, ipunguze kidogo kidogo. Na kama inaamshwa na tivii, itenganishe na tivii.

Taa inawaka, inafikiria, alafu inasema kuna tatizo la kuunganisha

Imekusikia, safari ndio imekatika. Chukua simu nyingine iunge kwenye wifi ile ile, zima data ya hiyo simu, fungua ukurasa wowote ambao hujawahi kuufungua. Usipofunguka tatizo sio spika.

Bando limeisha, hiyo ndio sababu namba moja na watu hawapendi kuisikia. Wifi itaonekana imeungwa, alama zote zipo, ila kwa nje hakuna kinachopita. Kuhusu matumizi usiogope sana, kuuliza hali ya hewa au kuweka alamu ni data kidogo mno, kinachokula ni mziki na redio. Mziki wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58 kwa saa moja, piga hesabu mtu ameuacha toka asubuhi mpaka jioni wakati yuko sokoni.

Zile wifi za vocha za mtaani ni tatizo lingine kabisa, zinakuletea ukurasa wa kuingiza namba ya vocha kwanza ndio upate net. Spika haina kioo, haiwezi kuingiza namba, kwa hiyo itaungwa lakini haitafika popote. Hapo hakuna ujanja wa setingi, unahitaji ruta yako au hotspoti ya simu.

Na hotspoti ina tabia zake. Simu nyingi zikikaa dakika chache bila kifaa kutumia net zinaizima hotspoti zenyewe, nenda kwenye setingi za hotspoti uzime hiyo ya kujizima. Pia kuna simu na laini ambazo ukipigiwa, simu inashuka kutoka 4G kwenda mtandao wa chini ili uongee, data inasimama au inakuwa ndogo sana, na spika inapotea mpaka ukate. Mama mdogo alikuwa analalamika spika inagoma kila jioni, tukakaa tukaangalia, kumbe jioni ndio anaongea na wanawe wa Dar kwa simu hiyo hiyo anayorushia hotspoti. Simu ya zamani iliyokaa kwenye droo, ukiiwekea laini yenye bando ikawa ndio hotspoti ya kudumu, inamaliza hii kero.

Umeme ukikatika na kurudi kuna kaugomvi kengine, spika inawaka haraka kuliko ruta, inatafuta wifi haioni, nyingine zinakaa hivyo hivyo. Subiri ruta iwake kabisa kama dakika tatu hivi alafu chomoa spika uchomeke upya. Ukiweza nunua kale kabetri ka ruta ka volti 12, umeme ukiyumba ruta haizimi. Ila soma adapta ya ruta yako kwanza, volti zilingane, na ampea za hako kabetri zisiwe chini ya zinazotakiwa.

Imesikia, imejibu, ila imejibu vitu vingine

Hapa ni lugha, na naomba mtu yeyote asijione mjinga kwa hili. Siri ya Apple imekuwepo toka 2011, Alexa toka 2014, Google Assistant toka 2016, na mpaka naandika hii hakuna spika yao hata moja ninayoijua inayopokea amri kwa Kiswahili. Lugha inayoongewa na mamilioni ya watu. Inaniuma, kwa sababu wanaohitaji zaidi kuongea badala ya kusoma ndio hao hao ambao Kiingereza hawakipati. Kuna hatua zimepigwa, mwaka 2017 Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, cha Tanzania na cha Kenya, kwa hiyo kwenye kibodi ya simu bonyeza alama ya maiki ongea Kiswahili itaandika, na inaandika vizuri tu. Na Gemini ambayo Google wanaipeleka kwenye simu kuchukua nafasi ya Assistant inaelewa Kiswahili ukiiandikia. Lakini kwenye spika, ile ya kusema kitu ukiwa mbali na mikono ina unga, bado ni Kiingereza au lugha zao nyingine.

Kwa hiyo dawa ni hizi. Kama Kiingereza cha Marekani kinakukosea jaribu kubadili kiwe cha Uingereza, kwa wengi wetu kinasikia vizuri zaidi. Kama nyumbani kuna wazee waliokulia Bujumbura au Kalemie na Kifaransa kinapanda kuliko Kiingereza, weka Kifaransa, tena Google wanaruhusu lugha mbili kwa pamoja toka 2018, Kiingereza na Kifaransa, inatambua yenyewe anayeongea anatumia ipi. Kigoma hii inatufaa kuliko mikoa mingi.

Majina ya watu ndio yanasumbua sana kwenye kupiga simu. Umehifadhi "Ba mdogo Gungu", ukisema kwa mfumo wa Kiingereza inatafuta kitu hakipo. Fungua historia ya akaunti yako, ya Google iko kwenye Shughuli Zangu na ya Alexa iko ndani ya apu, utaona maandishi ya kile ilichosikia neno kwa neno. Usibishane nayo, tumia hicho hicho. Kwa bibi "shangazi" ilikuwa inasikika kama maneno mawili ya Kiingereza yasiyo na maana, nikayachukua kama yalivyo nikayaweka kwenye kile kisehemu cha matamshi cha jina la shangazi kwenye simu, toka hapo inapiga. Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwenye ratiba za kujiwekea, ile unaambia kifaa nikisema neno fulani fanya hivi.

Kingine, bibi hawezi kuanza na amri. Kalelewa hivyo. Anaita, taa ikiwaka anasema "mwakeye", salamu ya Kiha, anasubiri aitikiwe, ndio aseme shida yake. Ile mashine inachukua "mwakeye" kama ndio amri yote, inajibu haijaelewa na inazima. Sikumwambia aache kusalimia, ningeanzia wapi, nilimwambia bibi salimia kwanza ukimaliza ndio uite jina lake, na baada ya kuita useme moja kwa moja bila kupumzika katikati. Wazee wengi wanapumzika katikati ya sentensi, na ukimya ukizidi kidogo mashine inajua umemaliza.

Alamu imelia saa siyo, au haijalia kabisa

Hapa soma taratibu hata kama umechoka.

Binamu yangu alimwekea bibi alamu ya dawa ya saa mbili usiku. Akasema kwa Kiingereza "two at night". Mashine ikaweka saa mbili ya kizungu, yaani saa nane ya usiku wa manane. Jioni bibi alikaa akisubiri iite, haikuita, akajua basi wakati haujafika, akalala bila dawa. Saa nane usiku ikalia akaamka na giza, akatafuta vidonge kwa kupapasa, akanywa, asubuhi ikaja na dawa ya asubuhi. Namshukuru Mungu hakudhurika, tulienda zahanati tukapima presha wakatuelekeza. Ila ningekuwa nimekaa naye dakika moja kuhakiki isingetokea.

Saa yetu inahesabu toka jua linapochomoza, yao toka usiku wa manane, tofauti ni masaa sita. Saa moja asubuhi ni "seven a m". Saa mbili usiku ni "eight p m". Saa nane mchana ni "two p m". Saa kumi na mbili jioni ni "six p m", na hii ndio inakosewa sana kwa sababu mtu anasema "twelve" na mashine inaweka usiku wa manane au saa sita mchana. Usiseme kamwe "at night" au "in the morning" ukaacha hapo, sema a m au p m, alafu subiri irudie ilichoweka kwa sauti yake, usiondoke kabla haijarudia. Na siku ya kwanza iweke alamu ya majaribio dakika mbili mbele uone inalia kwa sauti gani.

Wazee wa Ujiji wana jambo lingine ambalo vijana wengi hatulijui vizuri. Kwao siku inaanza jua likizama, kwa hiyo bibi akikwambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa mashine bado ni Alhamisi. Ukimwekea kikumbusho cha kisomo "Friday night" atakisikia kisomo kimeshapita. Muulize, ni kabla ya Ijumaa kuamka au baada? Na ukiweka kitu baada ya saa sita usiku, "tomorrow" ya mashine sio siku inayokaribia kukucha, ni ile ya baada yake.

Kuna la mpakani pia. Burundi na upande ule wa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Kagunga au Manyovu, simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo na kama umeiachia ijiwekee saa yenyewe inarudi nyuma saa nzima, alamu ya saa kumi na moja alfajiri inalia saa kumi na mbili na mtumbwi umeshaondoka. Nenda Mipangilio, Tarehe na saa, zima ile ya kuchagua ukanda wa saa kiotomatiki, weka wa Dar es Salaam kwa mkono. Na zima roming ya data usije ukakatwa hela.

Spika iliyotoka nje yenyewe mara nyingi bado ina anwani ya kule, ukiuliza hali ya hewa inakusomea ya Chicago na alamu zote zinaenda na saa ya huko. Badili anwani kwenye apu iwe Kigoma, na uangalie ukanda wa saa umebadilika kweli.

Mwisho wa hili la alamu, spika haina betri. Umeme ukikatika saa mbili kasoro au LUKU ikiisha, haitalia. Dawa ya mtu usiitegemeze kwenye spika peke yake, iweke na kwenye simu ya kawaida, hata kitochi.

Inajibu lakini huisikii

Karibu kila mara ni bluetuthi. Simu imejiunga na sabufa ya chumba cha pili, au ya jirani iliyowahi kuungwa siku ya sherehe, majibu yanaenda huko. Zima bluetuthi ujaribu. Kama bado, kumbuka simu ina sauti za aina kadhaa, ya mlio na ya mziki ni tofauti, ongeza wakati yenyewe inaongea.

Taa na plagi za wifi hazitii

Mtu amezima swichi ya ukutani, taa haina umeme, itatii vipi. Waambie watu wa nyumbani au bandika plasta juu ya swichi. La pili, hizi taa na plagi nyingi zinatumia wifi ya gigahezi 2.4 tu, kama ruta yako inarusha na 5 kwa jina lile lile, zitenganishe majina wakati wa kuunga. Na tafadhali, plagi ya wifi ina kiwango chake cha ampea kimeandikwa nyuma, nyingi ni 10, usichomeke jiko la umeme wala pampu ya maji. Pampu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, plagi itayeyuka.

Mpya imegoma kuunga, au umenunua ya mkononi

Kama simu unayosetia ndio hiyo hiyo inarusha hotspoti, mara nyingi inakataa, tafuta simu ya pili moja irushe nyingine isete. Washa bluetuthi na mahali (location), zima VPN. Adapta za spika hizi zinapokea volti 100 mpaka 240 kwa hiyo umeme wetu wa 230 haziogopi, unachohitaji ni kibadilisha plagi tu. Adapta ikipotea usichomeke ya ruta kwa kuwa imeingia, Nest Mini inataka volti 14 na nyingine zinataka tofauti, soma kwanza.

Ya mkononi, hakikisha muuzaji ameitoa kwenye akaunti yake mbele yako kabla hujatoa hela.

Kufuta kila kitu na kuanza upya iwe ya mwisho kabisa. Kwenye Nest Mini unazima maiki kwa kile kiswichi alafu unabonyeza katikati juu na kushikilia kama sekunde 15 mpaka isikike imeanza. Ikishafanya hivyo alamu zote na sauti zilizorekodiwa zinaweza kupotea, kwa hiyo chukua karatasi kwanza uandike kila alamu, ya nani, ya dawa gani, na mbele yake saa ya Kiswahili na saa ya kizungu zote mbili. Ya bibi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo.